Babu aligoma kubadilisha siku ya kupanda mahindi, ikabidi nimuotee ndoto

Wakuu, shikamooni wenye umri wenu, na mambo vipi kwa wenzangu tunaoingia humu kwa simu za kuazima.

Hii si chai. Anayebisha aje Songea, nimpeleke Mjimwema akamuulize babu mwenyewe.

Niko kidato cha tatu, naishi na babu na bibi. Shamba letu liko nje ya mji, njia ya Tunduru, na ndilo linalotulisha. Hatuna mpango B. Mahindi yakigoma, tumegoma wote kula.

Sasa babu alikuwa na sheria yake. Siku ya Marehemu Wote, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, tukishatoka kwenye misa na kuombea makaburi, tunapitiliza shambani na majembe.

Udongo mkavu, vumbi mpaka kwenye meno, tunapanda hivyo hivyo. Baba yake alipanda siku hiyo, na babu yake pia. Anasema marehemu wakishaombewa wanashukuru kwa mvua.

Na kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, majirani wote wenye mashamba kule walikuwa wanapanda naye.

Shida ni kwamba mvua ya siku hizi haijabatizwa. Kalenda ya kanisa haiijui kabisa.

Mwaka juzi tulipanda. Ikanyesha manyunyu, mahindi yakachungulia, yakaona hali ilivyo, yakarudi zao chini. Babu akasema ni kwa sababu kuna mtu alipanda huku ananung'unika. Alikuwa ananiangalia mimi.

Tukapanda tena. Yakachungulia tena. Hayo nayo yakakauka yakabaki kama nywele za mtu aliyetoka kuugua.

Zikabaki mbegu za mwisho, mahindi ambayo bibi huyatundika juu ya moto jikoni ili moshi uyalinde na wadudu. Hayo nayo yakiungua ardhini, wakuu, tungekula hadithi mwaka mzima.

Akaja afisa ugani, dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Shinyanga. Akamwamkia babu kwa adabu zote, akamweleza kwamba majira yamesogea, kwa hiyo asiguse mbegu mpaka mvua ikolee na udongo ulowe mpaka chini.

Babu akamsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kwao wanalima nini. Dada akasema pamba na mpunga. Babu akamshukuru sana, akamkaribisha ugali, na alipoondoka tu akaniagiza ninoe jembe.

Hapo bibi akaniita jikoni. Bibi akiwa na shida ananiita mume wake.

"Mume wangu, huyu mzee atatumaliza. Wewe si una maneno mengi? Hebu leo yatumie kwa faida."

Asubuhi babu anakunywa uji, nikakaa mbele yake na uso wa mtu aliyeona makubwa. Nikamwambia nimemuota baba yake mzazi. Amesema mbegu zisiguswe mpaka mvua ikolee na udongo ulowe mpaka chini.

Ndiyo, wakuu. Neno kwa neno la yule dada wa Shinyanga, nimelitia kwenye mdomo wa marehemu.

Babu akaweka kikombe chini.

"Alikuwa amevaa nini?"

Huyo marehemu sijawahi kumuona hata kwenye picha. Nikasema koti jeusi.

"Na wewe alikuitaje?"

"Aliniita dogo."

Bibi jikoni akaacha kukoroga.

"Baba yangu hakuwahi kuwa na koti," babu akasema. "Na hilo neno dogo hakulijua."

Nikaanza kupima umbali kati yangu na mlango, na kati ya babu na fimbo yake. Babu akaangalia nje, upande wa shamba, muda mrefu. Kisha akachukua kikombe chake.

"Lakini huko aliko, labda wamempa koti."

Akanywa uji wake. Jembe likarudi stoo.

Kwenye jumuiya akasimama akatangaza kwamba wazee wamesogeza siku ya kupanda, na wamepitia kwa mjukuu wake. Hakuna aliyeuliza habari za koti. Niliwaangalia nyuso, watu walishusha pumzi. Kumbe wengi walikuwa wamebakiza mbegu za mwisho kama sisi, ila nani aanze kumkataa mwenyekiti?

Tukasubiri. Mvua ikakolea, tukapanda, tukavuna. Nawaandikia hapa nimeshiba.

Ila sasa ubaya ukanirudia. Mwaka jana majirani wakaanza kuja nyumbani. Mama mmoja wa Msamala, shamba lake limepakana na letu, ananisimamisha njiani ananiuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaota.

Mimi, mwenye F ya Jiografia, nimekuwa nabii.

Nikachoka. Kwenye jumuiya nikaomba kusema, nikainua simu, nikawasomea utabiri wa hali ya hewa wote, mwezi kwa mwezi. Wakasikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, mzee mmoja akakohoa.

"Hayo ya simu tunayasikia hata redioni. Wewe umeota nini?"

Nikamgeukia babu anisaidie. Akawatuliza kwa mkono.

"Mwacheni kijana. Mwenye koti huwa anachelewa."

Nilichojifunza: dunia inabadilika, na asiyebadilika nayo analala njaa, hilo halina mjadala. Ila mtu mzima ukimwambia amekosea, anachukua jembe. Mfungulie mlango wa uani, atatoka mwenyewe na ataapa alikuwa anaelekea huko huko.

Haya, semeni na nyie. Kwenu nani amegoma kubadilika, na mlimtoaje bila kumvunjia heshima? Wenye matusi muanze na shikamoo.

Mimi naishia hapa. Utabiri wa mwaka huu unasema mvua itachelewa tena, na kesho ni jumuiya.

Ngoja nikaote.