Mlango wa Dodoma Uliofungia Posa ya Dada

Mkasa huu umenigharimu mlango mmoja wa mninga, shemeji mmoja aliyekuwa tayari kabisa, na salamu za dada yangu Zuhura, ambaye tangu Jumamosi ile ananipita sebuleni kama anapita kiti. Naona aibu kuusimulia, lakini Kiwalani nzima imeshausikia, bora nyie muupate kwangu.

Oktoba nilikwenda Dodoma kuchukua mafuta ya alizeti, nikakuta fundi anauza milango kwa bei ambayo Dar hupati hata fremu. Nikampa vipimo vya fremu ya nyumbani, natembea navyo kwenye simu (nilipima mara mbili, ndivyo nilivyo), tukavutana bei mpaka akachoka, mwisho akasema, "Braza, nikuachie nafasi kidogo pembeni, huko kwenu mbao zinanenepa." Mie nikaona huyu anataka kunipunja mbao.

"Nimelipia mlango, sijalipia nafasi. Ujaze!"

Akaujaza. Nyumbani ukakaa kwenye fremu kama kifuniko cha sufuria. Vuli ilipoanza ukawa unakwaruza, Zuhura akasema, "Kaka, mwite fundi aupige randa." Nikamjibu siwezi kumlipa mtu anipunguzie mali yangu.

Basi Jumamosi washenga wakaleta barua ya posa. Baba yetu hayupo, mpokeaji ni mie, na Zuhura ana miaka thelathini na minne, aliisubiri barua ile kuliko anavyokubali kusema. Walikuja wazee watatu, mbele yao Mzee Athumani, mwalimu mstaafu wa jiografia. Hata shikamoo hazijaisha mvua ikamwagika, maji yakaingia hadi kwenye mkeka, nami kwa heshima ya wageni nikausukuma mlango kwa bega mpaka ukafunga.

Ukafunga kweli.

Umeme ukakatika, feni ikasimama, Mzee Athumani akaomba kwenda msalani, na choo chetu kiko nje. Nikavuta kitasa, kikabaki mkononi. Madirisha yana nondo. Mlango wa uani niliuziba mwaka jana nipate chumba cha kupangisha (msinitazame hivyo).

"Mlango huu umetoka wapi?" mzee akauliza, kanzu imemganda mgongoni.

"Dodoma, mzee wangu."

Akafumba macho kama anayesahihisha mtihani mbaya. "Dodoma mvua yao ni ya msimu mmoja, ikikatika ndiyo imekatika, miezi na miezi hewa kavu, mchana jua, usiku unatafuta blanketi. Mbao inakauka hadi moyoni. Sisi huku tuna masika, tuna vuli, joto mchana, joto usiku, hewa yenyewe imelowa. Umeleta mti wenye kiu pwani, kijana, umekunywa umevimba. Nilikuwa nafundisha hayo kidato cha kwanza. Cha kwanza!"

Kwa kelele zetu za kuomba msaada, nje mtaa ulishajaa. "Washenga hawatoki mpaka waongeze mahari!" mtu akapaza sauti, wakacheka hadi wa ng'ambo ya barabara. Mzee akaomba msalani mara ya pili, akaomba mara ya tatu. Ya nne hakuomba.

Saa moja na nusu ilipita, ndipo vijana wakaupasua mlango kwa shoka. Zuhura alikuwa chumbani kwake akisikia yote, akatoka bila kuniangalia, akamkabidhi mzee khanga mpya ajifunge kiunoni, apite mbele za watu. Mzee akamshukuru. Kisha barua, ambayo bado ilikuwa mkononi mwake, akairudisha mfukoni.

"Nyumba iliyoshindwa kutoa wageni," akaniambia taratibu, "itamtoaje bibi harusi?"

Wiki ya pili sasa, simu kimya. Mlango umelala uani, umepasuka katikati, mlangoni tumetundika pazia. Sitabishana tena na fundi anayeijua hewa ya kwao na ya kwetu, naapa, lakini kiapo hicho kinamsaidia nini Zuhura?

Naomba ushauri, ndugu zangu. Khanga ya Zuhura bado iko kwa Mzee Athumani. Niende kuidai, angalau nipate sababu ya kubisha hodi kwao, au nikiidai ndiyo nitakuwa nimeimaliza posa kabisa? Nimewaza mara mbili, nimewaza mara tatu, jibu sina.