Makoti ya Watoto wa Norwei

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Ofisi hakuniuliza cheti. Alinipa koti la mtoto, la bluu, akaniambia nitafute kasoro, kisha akatoka. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tisa pale Sanyuanli, mjini Guangzhou, China, juu ya mawakala wa mizigo, na kazi yake ilikuwa kununua nguo kwa niaba ya kampuni moja ya Norwei. Niligeuza koti nje ndani. Nikavuta mishono, nikafungua na kufunga zipu mpaka kidole kikauma. Aliporudi nilimwambia kwamba sikuona kitu.

"Hakuna kitu," akasema. "Wawili waliokutangulia walibuni kasoro ili nione wanajua kazi. Anza leo."

Kabla ya hapo nilikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani Morogoro. Kiwanda kilipofungwa nikaanza kuja Guangzhou kununua nguo za kuuza Kariakoo, nikamwacha binti yangu Neema kwa bibi yake. Pale Zhanxi, kwenye soko la nguo za jumla, nilirudisha bidhaa mbovu mara nyingi hadi mwenye duka mmoja akachoka nami. Ndiye aliyenipeleka kwa Meneja. "Mama Neema ana macho mabaya," alimwambia. "Mchukue wewe."

Vijana mnaoingia kazini sasa hukagua kwa picha za simu. Sisi tulikwenda wenyewe. Kila oda ilikuwa na sampuli mama, yaani nguo moja iliyokubaliwa na pande zote na kutiwa lakiri, nyingine zote zikalinganishwa nayo. Kanuni nyingine ilikuwa ya katoni: usifungue ile unayosogezewa na mwenye kiwanda, panda juu ya rundo uchague ya nyuma. Na kulikuwa na neno moja la Kichina tulilopambana nalo kila siku, chabuduo, maana yake "karibu sawa". Mfuko umepinda kidogo? Chabuduo. Rangi si yenyewe? Chabuduo.

Mwaka wa tatu nilipelekwa makao makuu Norwei kwa mafunzo ya wiki sita. Ulikuwa mwezi wa Novemba. Nilijua ni nchi ya watu wachache wenye mafuta mengi, nikatarajia dhahabu milangoni. Nikakuta mji mdogo wa nyumba za mbao, mvua, na ukimya uliokuwa ukinisukuma kutoka chumbani kwenda dirishani na kurudi. Meneja wa Ununuzi, mama wa rika langu, alikuja kazini kwa basi. Mchana alikula vipande viwili vya mkate alivyofungasha nyumbani, kisha akaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni.

"Mafuta yenyewe yako wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Baharini. Sehemu kubwa ya pesa zake tumewawekea ambao hawajazaliwa." Akatafuna. "Babu yangu alikula viazi na samaki wa chumvi mwaka mzima. Mafuta yamekuja juzi tu."

Utajiri wao nilianza kuuona polepole, mahali nisipotazamia. Waliwatobolea mlima watu wa nyumba kama nane ili wapate barabara. Bibi kizee jirani yangu alivunjika nyonga, akatibiwa, akarudi nyumbani, wala sikusikia ndugu wakichangishana. Nikiwa mtu wa michango, hilo lilinikosesha raha kuliko baridi.

Asubuhi moja Meneja wa Ununuzi alinisimamisha kando ya barabara. Ilikuwa saa mbili na bado giza. Gari lilipopita niliona mistari myeupe ikiwaka hewani, kisha nikatambua kuwa ni watoto wanakwenda shule kwa miguu, peke yao. Makoti yao yalikuwa na utepe wa kuakisi mwanga.

"Kazi yako ni hiyo," akaniambia. "Dereva awaone."

Miaka ilipita. Meneja wa Ofisi wa kwanza akastaafu, akaja mwingine, mtu wa haraka. Mwezi mmoja wa Septemba tukawa na oda ya makoti ya watoto iliyokwisha kuchelewa. Nilichukua makoti matano, nikayafua kama sheria inavyotaka, nikayatundika kwenye stoo isiyo na dirisha, nikawasha tochi. Mawili yaliwaka. Matatu sikuyaona kabisa.

Mwenye kiwanda alikuwa amebadilisha utepe, akaweka wa bei nafuu. "Chabuduo, Mama," alisema. "Kabla ya kufua yote yanawaka."

Meneja wa Ofisi alinisogezea fomu ya kupitisha mzigo, nitie saini. "Meli inaondoka Ijumaa. Na kumbuka kibali chako cha kuishi hapa kinaombwa na ofisi hii."

Nilimpigia Meneja wa Ununuzi, nikiamini yeye atanisimamia. Akasema maduka yanasubiri, je, makoti hayo yasingeweza kupita mara hii tu?

Sikulumbana naye. Nilikata simu, nikarudi stoo, nikapiga picha ya yale makoti matano gizani, mawili yakionekana, nikamtumia bila maneno. Siku mbili nilizunguka Sanyuanli kutoka metro hadi sokoni na kurudi, nikiwaza mizigo yangu nitaipeleka wapi. Siku ya tatu jibu lake lilikuja: "Yafumuliwe."

Hapo mnadhani nilifurahi. Kufumua na kushona upya kulikula likizo ya sikukuu ya taifa ya Oktoba, na wanawake wa mashine walikuwa wameshakata tiketi za treni kwenda kwao. Nilikwenda kiwandani, nikachukua wembe, nikakaa nao kufumua. Aliyekuwa kando yangu aliitwa dada Fang. Binti yake aliishi kwa bibi, mkoa wa mbali, na alimwona kwenye sikukuu tu.

"Mama, una mtoto katika nchi hiyo ya baridi?" aliniuliza.

"Sina."

Tulifumua siku sita.

Mwaka uliofuata Meneja wa Ununuzi alikuja Guangzhou. Mwenye kiwanda alimwandalia chai na hotuba, lakini mimi nilimpeleka kwenye mashine ya Fang, nikasema, "Huyu ni mmoja wa waliobaki sikukuu ile kufumua makoti." Meneja akamshika mikono yote miwili, akamwonyesha kwenye simu picha ya watoto wakitembea gizani, wanawaka. Nilikuwa nikitafsiri kwa Kichina changu cha sokoni.

Fang aliitazama sana. "Wanakwenda wenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mama zao?"

"Wako kazini. Wanarudi nyumbani saa kumi."

"Kila siku?"

"Kila siku," akasema Meneja, na nilimwona uso ukimwiva.

Fang akarudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu, akainamia mashine yake, maana mstari mzima ulikuwa unamsubiri. Neema alikuwa amemaliza shule, ameolewa, amezaa, na yote hayo niliyaona kwenye simu.

Nimestaafu tangu mwezi wa tatu. Kibali kimebakiza wiki chache, nami bado niko Sanyuanli. Asubuhi natembea hadi soko la nguo la Zhanqian, navuta mishono ya nguo za watu mpaka wauzaji wananikasirikia, narudi, natoka tena. Vijana wa nyumbani huniuliza kama ningependa kuishi Norwei. Nawajibu kwamba utajiri niliouona kule nisingeweza kuufungasha, kwa sababu ulikuwa saa za watu za kurudi nyumbani.

Juzi Neema alinipigia. "Mama, kazi imekwisha. Unangoja nini?"

"Bado naangalia mambo."

"Mambo gani?"

Jana asubuhi nilikata tiketi. Ndege inafika Dar es Salaam saa nane mchana, na Neema amesema ataomba ruhusa kazini aje kunipokea.