Kidole Gumba cha Nerima

Kidole gumba cha Nerima kilikuwa na akili kuliko supavaiza yeyote niliyewahi kufanya kazi chini yake. Sisemi hivyo kwa mapenzi, maana Nerima hakuwa mtu rahisi kupendwa. Asubuhi hakusalimia mtu hadi amalize chai yake, na ukimjibu vibaya alikununia wiki nzima. Lakini mpe waridi mkononi. Alikishika kichwa cha ua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakibonyeza kidogo tu, na hapo hapo alikuwa ameshaamua. Kikiwa kigumu, kilienda kwenye shada. Kikiwa laini, basi kuvu imeingia ndani hata kama kwa macho kinapendeza, nacho kilienda kwenye pipa. Sisi wengine tulilazimika kukigeuza, kukitazama, wakati mwingine kukinusa. Yeye alifanya hayo huku ameangalia kwingine, akimsema mtu.

Tunaishi Karagita, ploti moja, milango yetu inatazamana. Yeye ametoka upande wa Bungoma, mimi Siaya, na kilichotuleta huku Naivasha ni haya mashamba ya maua. Hana mume. Ana binti mmoja aliyebaki shuleni, Lynn, yuko kidato cha tatu, na Nerima alikuwa amejiapiza kwamba atasimama kwenye meza ile mpaka Lynn amalize. Baada ya hapo, alisema, hata wamtupe kwenye pipa pamoja na maua mabovu.

Siku yangu ya kwanza gredi, ndivyo tunavyokiita chumba cha kupanga maua, banda kubwa lenye baridi ya kupenya mifupa, ni Nerima aliyenivuta kando akanifunga. Alikuwa na vipande viwili vya tyubu ya baiskeli mfukoni mwa ovaroli. Akavizungusha kwenye vifundo vya mikono yangu, akavuta hadi nikauma meno, akapiga fundo. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Kila mwanamke wa gredi amefungwa na mwingine aliyemtangulia, na ukiona mkono mtupu unajua huyo ni mgeni. Tuliamini maumivu ya kazi huanzia vidoleni yakapanda hadi begani, na kwamba ukiyafungia njia pale kwenye kifundo, hayapandi. Hakuna aliyeuliza nani alianzisha. Kazi yenyewe inachosha, hakuna anayebaki na nguvu za kuuliza maswali.

Na maumivu yalikuwepo, usidanganywe na picha za maua. Kubana, kukata, kupukuchua majani, kubana tena, kutwa nzima umesimama. Asubuhi pale mferejini utaona wanawake wanakung'uta mikono kama watu wanaokausha maji, na mtungi hata haujaanza kujaa. Wanakung'uta ganzi. Mimi pia nakung'uta. Tumezoea hivi kwamba tukikutana tunasalimiana huku tunakung'uta.

Mwaka jana, baridi ya Julai ikiwa imetushika, Nerima aliniambia mkono wake wa kulia umepona.

"Haiumi tena," alisema. "Hata miiba siisikii."

"Umetumia nini?"

"Hakuna kitu. Nilikaza tyubu tu. Nyinyi mnafunga kama mnafunga mtoto."

Nilifurahi kwa ajili yake, na nikamwonea wivu. Habari ilizunguka meza zote, na wiki hiyo wanawake wengi wa gredi walikaza mafundo yao. Mimi nilikuwa mmojawapo.

Kisha Februari ikakaribia, ule wakati ambao Wazungu wote wanataka waridi jekundu siku moja, nasi hatupati hata nafasi ya kunyoosha mgongo. Mashada ya Nerima yakaanza kurudishwa. Mara vichwa viwili vya kuvu ndani ya shada moja, mara vitatu. Supavaiza wetu, Kiarie, si mtu mbaya, lakini naye ana wa kumfokea. Alimjia Nerima akampa waridi mawili.

"Funga macho, mama Lynn. Niambie gani iko na shida."

Nerima akafumba macho. Alibonyeza la kwanza, akabonyeza la pili, akarudia la kwanza. Meza nzima tulikuwa tumeacha kukata. Nilikuwa karibu naye, nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na ndani ya baridi ile hakuna mtu hutoka jasho.

"Hii," akasema.

Halikuwa lile. Kiarie akalitupa lile jingine kwenye pipa, akaenda zake. Siku iliyofuata Nerima alipewa ufagio, akawa anafagia majani yetu chini ya meza. Ndipo nilipouangalia ule mkono vizuri. Pale chini ya kidole gumba, ambapo mtu huwa na kinyama kilichotuna, pake palikuwa pamebonyea kama godoro la zamani. Hata ufagio ulikuwa ukimponyoka.

Nesi wa zahanati ya shamba aliutazama kidogo tu, akasema aende hospitali ya Nakuru akapimwe neva, ile mishipa ya fahamu. Nilimsindikiza mimi. Asingeweza kwenda peke yake, kwa sababu hata vifungo vya sweta nilimfunga mimi asubuhi hiyo, naye akinitazama kama vile nimemwibia kitu.

"Wakirudisha hii kidole," aliniambia tulipokuwa tukingoja kuitwa, "Kiarie atanirudisha kwa meza. Amesema. Nikipona, narudi."

Aliyetupokea ni mwanamke mmoja anaitwa Chesang, mpimaji, mwenye macho mekundu ya mtu aliyeanza kazi kabla ya wote na hajui atamaliza saa ngapi. Alimkalisha Nerima, akaona ule mpira, akatafuta makasi. Tyubu ilipokatika ilibaki alama, mfereji wa ngozi nyeusi iliyong'aa kuzunguka kifundo chote. Chesang alipitisha kidole chake hapo. Mimi nikavuta mikono ya sweta yangu hadi kwenye vidole.

Akabandika vibati vidogo kwenye ngozi, akavisha vidole pete za waya, akaelekeza kioo cha mashine.

"Mum, nitakupiga na stima kidogo. Usishtuke. Naangalia kama habari inapita kwa neva."

"Stima ya nini tena?" nikauliza mimi, maana uchovu unanifanya nijibu watu vibaya. "Huyu mtu ako na stima ndani?"

"Kila mtu ako nayo," akasema Chesang. "Hata wewe, vile umeniuliza hivyo."

Nadhani alikuwa anaeleza ili Nerima asiangalie ile mashine. Alimgusa shingoni, kwa nyuma. Akasema seli moja ya neva, ile inayoamuru kidole, mwili wake umekaa pale ndani ya uti wa mgongo, mdogo hivi kwamba jicho haliuoni. Ina vitawi vingi vya kusikilizia, na ina uzi mmoja mrefu wa kusemea. Akautembeza uzi huo kwa kidole chake juu ya ngozi ya Nerima: begani, kiwikoni, kwenye kifundo, hadi kwenye mzizi wa kidole gumba.

"Hiyo yote ni seli moja, mum. Kutoka shingo mpaka hapa. Na ziko zingine kando yake za kuleta habari kutoka kwa ncha ya kidole zikipanda juu. Maelfu, zimefungwa pamoja."

"Na stima?" akauliza Nerima.

"Ni chumvi tu. Nje ya uzi kumejaa sodiamu, ndani kumejaa potasiamu. Kwa ngozi ya uzi kuna vilango. Neva ikitulia, vya sodiamu vimefungwa, na ndani ni hasi kuliko nje. Ukigusa kitu, vinafunguka, sodiamu inaingia mbio, hapo ndani panageuka chanya. Hiyo inaamsha vilango vya jirani, navyo vinafunguka, vinaamsha vya mbele. Nyuma potasiamu inatoka, mambo inatulia tena, inangoja habari ingine."

Nikawaza siku ambazo bomba la ploti hukauka, tunapanga mstari hadi kwenye tangi na kupitishana ndoo. Hakuna anayetoka mahali pake, lakini maji yanafika. Nikamwambia. Akasema ni karibu hivyo, ila kwenye neva hata ndoo haisafiri, kinachosafiri ni ile zamu ya kufungua. Tena, akasema, uzi umevalishwa koti la mafuta, vipande vipande, lenye mapengo katikati, na habari huruka kutoka pengo hadi pengo. Ndiyo maana ukichomwa na mwiba unajua papo hapo. Ikifika mwisho, kwenye musuli, uzi unamwaga kemikali kidogo inayovuka mwanya, na musuli unajikunja.

Akaanza na upande wa kidole cha mwisho, ambacho kina neva yake nyingine. Akabonyeza, kidole kikaruka chenyewe, na kwenye kioo mstari ukapanda mlima ukashuka. Nerima alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Krismasi.

Kisha akaja kwenye kidole gumba. Akabonyeza. Kidole kilikaa. Mstari kwenye kioo ulienda moja kwa moja. Akasogeza kibati, akapaka majimaji, akabonyeza tena. Kidole kilikaa.

"Ongeza," akasema Nerima.

Akaongeza. Mkono wote ulitikisika, kidole gumba kikabaki kimelala pale.

"Ongeza tena."

"Nimefika mwisho, mum."

Akakata na mpira wa kushoto, akaupima mkono huo pia. Huko mlima ulionekana, mdogo na umechelewa kuja. Chesang aliondoa vibati kimoja kimoja, akifuta ngozi kwa pamba, kisha akavuta kiti akakaa mbele yetu. Mtu akivuta kiti ili aongee nawe, unajua.

"Hapa kwa kifundo kuna njia nyembamba," alisema. "Mifupa chini, mkanda mgumu juu. Neva inapita humo pamoja na kano za vidole. Hiyo kazi yenu ya kubana inafanya humo ndani kufure, neva inakosa nafasi. Kwanza inaharibika lile koti la mafuta. Habari inachelewa, mkono unawaka, unakufa ganzi, mnakung'uta. Ikizidi kubanwa, uzi wenyewe unakufa kutoka hapa kwenda mbele. Hapo maumivu inanyamaza."

Nerima alimwangalia. "Julai," akasema. "Julai ilinyamaza."

"Kazi ndiyo ilianza. Huu mpira ukasaidia kuibana."

Nilitaka kumpiga mtu, na hakukuwa na mtu wa kupigwa. Nilikumbuka vile tulivyofurahi mezani, vile tulivyokaza.

"Itarudi?" Nerima akauliza.

"Ya kushoto, ukipasuliwa hiyo njia ifunguliwe, na upumzishe, naamini itarudi. Hii ya kulia pia wafungue. Seli zenyewe ziko huko shingoni, hazijafa. Zinaweza zikamea uzi tena, polepole sana, karibu vile ukucha unamea. Unaweza ukapata kusikia kidogo kwa vidole. Lakini musuli ya kidole gumba imekaa bila habari muda mrefu. Imenyauka. Uzi ukifika hautapata wa kuongea naye."

"Kwa hivyo kidole gumba."

"Hapana, mum. Pole sana."

Nerima alimshukuru. Alisimama, akamshukuru tena kama mtu aliyepewa chakula, na mimi nikabeba mkoba wake.

Tulikaa kwenye benchi la nje, kwenye jua. Watu walipita na bahasha zao za picha. Ningemwambia kuna kazi nyingine, lakini tunazijua kazi za Karagita, zote zinataka mikono. Ningemwambia Lynn atamaliza tu, Mungu yupo, lakini nilikuwa nimechoka hata kusema hivyo, na yeye angenijibu vibaya.

Nerima akaitazama mikono ya sweta yangu. Kisha akasema, "Lete mkono."

"Mkono gani?"

"Awuor, lete mkono."

Nikampa wa kulia. Akasukuma juu sweta yangu kwa kiganja. Tyubu ilikuwa pale, fundo lake nimelikaza tangu Julai. Alijaribu kulifungua kwa ule mkono wa kushoto, vidole vikateleza. Akajaribu kwa wa kulia, kidole gumba kikalala juu ya fundo kama si chake. Nikasema ngoja, nitafungua mwenyewe. Hakunisikiliza. Aliinama pale kwenye benchi, mbele ya watu wote, akalishika fundo kwa meno, akalivuta, akatema mate, akalivuta tena mpaka likaachia.

Damu ikarudi vidoleni. Ilianza kwa kuwasha, halafu kuchoma, halafu mkono wote ukawaka hadi kiwikoni, maumivu ambayo sikuwa nimeyasikia kwa miezi, na machozi yakanitoka.

"Inauma?" Nerima akauliza.

"Inauma sana."

"Basi wacha iume," akasema. "Lete na ule mwingine."