Mboga za Mama Zilivyoungua Katikati ya Theluji

"Mama yako ameua grinihausi nzima, wifi! Mchukue kabla hajatuulia na watoto!"

Hivyo ndivyo Doris alivyonipokea mlangoni, hata theluji sijaikung'uta kwenye viatu.

Doris ni mke wa mdogo wangu, Erick. Mimi na yeye haziivi tangu siku ya harusi yao.

"Siku hizi wifi mkubwa haamkiwi?"

"Kwani shikamoo itafufua mboga?"

Kimenuka, nikajisemea. Nikampita.

Mimi ni Bupe. Naishi Saint Paul, Marekani, ghorofa ya tatu, na wanangu. Baba alipofariki tulimleta mama kutoka Tukuyu. Akafikia kwa Erick kule Savage, nje ya mji, kwa kuwa Erick ana nyumba na uwanja.

Majira ya baridi ya kwanza mama alikuwa anakauka tukimwona. Anashinda dirishani na khanga mabegani, haongei.

Ndipo Erick akamjengea kitalu nyumba. Sisi tunaita grinihausi. Upande wa kusini plastiki ngumu ya kuingiza jua. Kaskazini ukuta mnene, na mapipa meusi ya maji yanayokunywa joto mchana na kulitema usiku. Juu kuna vidirisha vinavyofunguka vyenyewe joto likizidi.

Aisee, mama alifufuka. Sukuma, spinachi, chainizi, Januari hii hii! Akina mama wa kanisani walikuwa wanatoka mpaka mtaa wa Phillips mjini kuja kuchuma. Wakaanza kumwita bosi. Naye akaanza kujibu kibosi.

Sasa Jumamosi hiyo Erick kanipigia simu. Mboga zote zimekufa kwa baridi. Mama kaacha mlango wazi. Njoo tuongee, mama arudishwe Tukuyu, hatuwezi kumwacha peke yake.

Nikamkuta mama kwenye ukingo wa kochi, na mabuti yake ya bustani miguuni.

"Mama, uliacha mlango wazi?"

"Nilifunga."

"Anasahau, dada," Erick akasema kwa sauti laini. Laini mno. "Juzi kaacha simu ndani ya friji."

"Na wewe ulimsahau mkeo uwanja wa ndege," mama akamjibu. "Mbona yeye hakukurudisha kwenu?"

Doris akatazama ukutani.

"Naenda kuziona," nikasema.

"Utaona nini, dada? Zimekufa. Huko nje baridi."

"Nina koti."

Wote wakanifuata.

Watu husahau kwamba nina diploma ya kilimo, kwa sababu hapa Marekani nalipwa kukaa ofisini. Mimi sijasahau.

Jani lililogandishwa likiyeyuka linakuwa jeusi, limelowa, linateleza kama mlenda. Nilichuma jani la spinachi la kwanza. Likavunjika mkononi kama chipsi kavu.

Nikachuma la pili. Kavu, kingo zimepauka.

Nikagusa pipa la maji. Uvuguvugu.

"Mlango ungekaa wazi kwa baridi hii, hapa juu pangekuwa na barafu," nikasema. "Hizi mboga hazikuganda. Zimekaangwa."

"Zikaangwe na nini, theluji?" Doris akacheka. "Wifi naye!"

"Na jua. Ukiliziba humu ndani saa chache tu, ni oveni."

Nikainua macho. Vile vidirisha vya juu vilikuwa vimefungwa kwa waya. Waya umezungushwa, ukakazwa kwa koleo.

Kichwa kikanipata moto. Nikamgeukia Doris.

"Mchawi wee! Umemtafutia mama yangu uzee wa kusahau ili umfukuze?"

"Mimi? Kwa urefu huu?" Doris akanyoosha mkono juu. Hata nusu ya ukuta haukufika. "Na wiki hii jua limewaka Alhamisi tu, nami nilikuwa kazini mpaka usiku. Mama alikuwa kanisani. Muulize aliyekuwa..."

Akaishia hapo.

Akageuka taratibu kwa mumewe.

"Erick. Si uliniambia ulikuta mlango wazi?"

Erick alikuwa anatazama viatu vyake.

"Erick!"

"Nilidhani," akasema, "akikosa cha kufanya, ataomba mwenyewe kurudi."

Nilizima data kabisa. Huyu nimembeba mgongoni. Ziwa moja, tumbo moja. Mimi miaka yote nachunga mlango wa mbele, namsubiri Doris, kumbe adui yuko ndani.

"Mwanaume mzima," Doris akasema, "unapigana na spinachi?"

"Nimechoka kukaa naye! Sasa ningemwambiaje aondoke? Nyumbani wangesema Erick kamfukuza mama yake!"

"Kwa hiyo ukaona bora waseme mama ni chizi?" nikamuuliza.

Mama aliinama kwenye mstari wa sukuma, akakwangua shina moja kwa ukucha. Chini ya gamba palikuwa kijani kibichi.

"Hizi zingechipua," akasema.

Akaling'oa.

Akang'oa la pili, na la tatu, udongo unaruka mpaka kwenye suruali ya Erick.

"Mama, acha. Mama, tafadhali."

"Niache. Si nasahau? Kesho sitakumbuka."

Hakubakiza hata moja. Alipomaliza alifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Mama, tunaondoka. Sasa hivi," nikasema.

"Kwako kuna uwanja?"

"Hata kibaraza hakuna."

"Sawa. Twende."

Doris ndiye aliyefunga mabegi. Akayabeba mwenyewe mpaka kwenye gari, anahema, anakanyaga theluji kwa kandambili.

"Usidhani nimeanza kukupenda, wifi," akaniambia.

"Wala mimi."

Erick alisimama mlangoni akisema mama, mama. Mama akafunga mkanda, akatazama mbele. Nikawasha gari, nikarudi nyuma mpaka barabarani, tukaondoka.

Wewe unayenisoma, mkwe tunamkodolea macho mawili, damu yetu hatuitupii hata jicho moja. Na kama umemchoka mzazi wako, mwambie usoni. Ataumia, lakini atakuwa na akili zake timamu, na atajua ni nani aliyemuumiza.