Samli Kwenye Chujio la Hewa

Lori letu la kijiji lilikuwa na chujio la hewa la kizamani: bakuli la bati lenye oili chini, na wavu wa nyaya juu yake. Vumbi linanaswa humo, injini inavuta hewa safi. Mimi ndiye niliyekuwa dereva na fundi wake, na kazi ile niliipenda kuliko kitu chochote. Kwetu Tarime enzi zile, kijana aliyeshika usukani alikuwa mtu.

Oili ilipoadimika, mwenyekiti wa kijiji alisimama mkutanoni akasema kijiji kinachojitegemea hakiwezi kushindwa na kopo la oili wakati kina ng'ombe. Baba yangu, mzee wa mifugo na mpenda sifa, akatoa kibuyu cha samli. Watu wakapiga makofi. Nikasema samli inaganda.

"Mura," mwenyekiti akanijibu, akiniita kijana kwa lugha yetu, "samli inalainisha ngozi ya ng'ombe mzima, itashindwa na bati?"

Wakacheka. Nikaimimina.

Mchana iliyeyuka, ikavutwa juu kwenye wavu. Asubuhi, kwa baridi ya milima yetu, ikaganda pamoja na vumbi kama ukoko wa sufuria. Injini ikakosa pumzi. Lori lilipanda kilima likitapika moshi mweusi, kisha likazimika na mahindi ya kijiji mgongoni. Mvua ikayakuta palepale, yakaoza.

Nilifungua kila kitu peke yangu. Wavu niliuosha kwa mafuta ya taa, kabureta nikaisafisha kwa unyoya wa kuku, nikakwangua masizi kwenye plagi na kwenye bomba la moshi. Gasketi nilikata kwenye boksi la sabuni. Kwenye bakuli nikatia oili chafu niliyoichuja kwa kitambaa. Lori likawaka. Nikadhani nitashukuriwa, mjinga mimi!

"Limezimika mahindi yakiwa juu, limepona yalipokwisha kuoza," mwenyekiti akauambia mkutano. "Aliyefunga ndiye anayejua kufungua. Huyu ni mhujumu."

Nikanyanyua jani la mgomba nililowekea ule mgando wa samli na vumbi, waone. Hakuutazama. Alimgeukia baba.

"Shikamoo, mzee. Eti samli yako ni mbovu?"

Baba alisimama akiegemea fimbo. Alinitazama, na machoni mwake niliona kwamba anajua.

"Samli ya nyumba yangu haijawahi kumharibia mtu kitu," akasema.

Wakaulizwa wanaotaka ninyang'anywe lori wanyooshe mikono. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa baba.

Dereva mpya alikuwa mpwa wa mwenyekiti. Kitu cha kwanza alichodai ni oili, na ikapatikana upesi kana kwamba ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha mtu. Hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Nilikaa barazani nikilisikia lori likipita, injini ikipumua vizuri kwa mikono yangu, na nilimchukia kila aliyepanda.

Baadaye mama akaniletea kibuyu kutoka kwa baba. Nilijua hiyo ndiyo pole pekee nitakayoipata kwa mzee yule. Ilikuwa samli. Niliipaka bawaba za mlango wangu uliokuwa ukilia kila ukifungwa, na tangu hapo kila nilipomwona baba akija njiani, niliufunga bila hata kulia.