Namba ya Bawa Aliyoisaga Barasa

Leo nimemchoma msimamizi wangu, nimemtaja mbele ya watu, na sijutii.

Mimi hukata vyuma kwenye yadi ya skrapu hapa mtaani Gatwekera. Juzi kililetwa kipande cha bawa la ndege. Nikamwambia Barasa, msimamizi wetu: "Hii ni ya ndege ya vita. Kwetu kisiwani, kule ziwani, kuna makumbusho ya mabaki kama haya. Usiguse hiyo namba."

Akacheka. "Rudi kwenu ukaanike visamaki vyenu vya omena, profesa!"

Akaisaga kwa grinda, kama anavyosaga kila namba ili mwenye mali asije kudai.

Mimi nilikuwa nimeshaipiga picha. Nikampigia binamu yangu anayefagia kule makumbusho.

Leo asubuhi mama anayeongoza yale makumbusho akafika. Barasa huyo, mbio! "Madam, bawa lako nimelitunza mwenyewe."

Mama akapapasa pale palipong'aa.

"Bila namba hatujui ni ndege gani, wala nani alikufa ndani yake. Nani amesaga hapa?"

Kwa yadi hatutajani, mnajua.

Barasa akanitazama kwa macho ya kuomba. Nikamwacha atoe jasho kwanza.

Kisha nikanyoosha mkono wote. "Ni huyu. Namba ninayo mimi kwa simu."

Mnaosema ningemfichia siri, semeni tu hapo chini kwenye maoni.

Kesho naenda nyumbani kisiwani na madam, nikamsaidie kutambua mabaki mengine. Barasa ameambiwa alibebe bawa hadi kwenye lori.

Mimi nitakuwa nimeketi mbele.