Uji wa mtoto asiyekuwepo

Leo jirani yangu Bi Raya kaniletea bakuli la uji wa mtoto.

Ndani nipo peke yangu. Mke wangu na mtoto wetu wapo kwao Unguja tangu kabla ya Ramadhani.

Nilikuwa naunga kifaa cha milio: chipu ya taima ya kutoa mlio, betri, spika ya redio mbovu na kitufe cha kuzungusha. Ukikizungusha, mlio unapanda na kushuka.

Kuna mahali unalia kama mtoto, wallahi.

"Hodi. Wamerudi lini?" Bi Raya kauliza, huku keshachungulia chumbani.

Nikazungusha kitufe asikie mwenyewe.

Akaweka bakuli mezani. "Basi kula wewe, mwanangu."

Nimeumaliza wote.

Kisha, na msinicheke, nimekirudisha kitufe palepale panapolia.